Kupanda Njia ya Maji Bila Kushusha Mguu

Newala,
Jumatatu jioni

…kwa hiyo klachi usiivute unapoteremka, dada, hata kama moyo unakuambia uivute. Hapo ndipo simu ilipokatika wiki iliyopita, nikabaki naongea peke yangu uani, wifi Somoe akauliza kama kwetu Kondoa wote tunazungumza na hewa. Ukivuta klachi kwenye mteremko umeifungulia pikipiki mlango, itakukimbia. Iache kwenye gia ya kwanza au ya pili, injini yenyewe itaishikilia. Breki ya nyuma ikanyage kidogo kidogo. Ya mbele iguse kwa kidole kimoja, kwa upole, kama unavyompapasa mtoto ili asiamke. Na makalio yatoe kwenye siti, yasogeze nyuma. Mabwana mifugo wenzako wakicheka waache wacheke, wao si ndio walioanguka na jenereta ya ofisi?

Shikamoo, dada Mwajuma. Nimeanza na mteremko kabla ya salamu, Mama angeniona angenivuta sikio. Hamjambo huko nyumbani? Kifua cha Baba kimetulia na baridi hii? Mama bado anagombana na wale mbuzi wa jirani, au safari hii mbuzi wameshinda? Mwanao Rehema ameshaota meno ya mbele? Na wewe mwenyewe lile goti ulilochubua kwenye korongo limepona, au bado unachechemea na kuwaambia watu kuwa ulipigwa teke na ng'ombe?

Sisi wazima, Alhamdulillahi. Mimi nina furaha hadi naona haya kuiandika. Nina habari kubwa, na nina ombi, lakini vyote nitavifikia kwa mpangilio, maana uliniambia niandike kwa utaratibu ili uweze kusoma ukiwa na spana mkononi.

Nianze na Mshamu. Kila nikiliandika jina lake kalamu inapunguza mwendo yenyewe. Dada, nilidhani mambo haya yako kwenye hadithi tulizokuwa tunapeana bwenini kule sekondari, kumbe yapo kweli, tena yanavaa ovaroli yenye oili. Huku asubuhi ukungu unafunika mji mzima, usimwone hata jirani, na upepo unaopanda kutoka bondeni unapenya mpaka kwenye mifupa. Basi Mshamu anaamka kabla yangu, anachemsha maji ya kuoga, anaweka chai ya tangawizi karibu na kitanda, halafu anajifanya amelala. Anadhani sijui. Akipaka cheni mafuta anaimba kwa sauti ya chini, na akiniona namsikiliza ananyamaza, ananitazama, anasema, "Mrangi wangu, nipe kitambaa." Kitambaa kiko mbele yake. Anataka tu nisogee.

Wifi Somoe, ambaye ndiye dada yake mkubwa na anaishi nyumba ya pili, anasema tunatia kinyaa. Anasema ndoa zote huanza hivyo, kisha mume anaanza kuuliza chumvi iko wapi. Nikamwambia wangu anajua chumvi ilipo kwa sababu ndiye anayepika ming'oko. Hiyo ni mizizi ya porini, dada, wanaichimba na kuichemsha, ukiimenya inanukia vizuri sana. Nimeipenda kuliko ugali wa muhogo, ingawa wa muhogo nao sasa nausonga hadi mama mkwe anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa pikipiki. Ile yangu si kama zile za kubebea abiria mnazoziona stendi. Mshamu aliinunua Masasi kwa mtu aliyekuwa akicheza ule mchezo wa kupanda mawe polepole, maana Masasi ina yale majabali makubwa, na vijana wa pale wanapanda pikipiki juu ya jiwe kama mijusi. Katika mchezo ule mshindi si mwenye mbio. Mshindi ni yule anayepita kwenye mawe, mchanga na mizizi bila kugusa ardhi kwa mguu. Pikipiki yenyewe ni nyembamba, nyepesi, imeinuka juu, na siti yake ni kama kipande cha mkate. Nilipoiona mara ya kwanza nikauliza mtu anakaa wapi. Mshamu akajibu kuwa mtu hakai.

Na hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulishike: simama. Ya kwako ya ofisini ina siti kubwa, lakini ukifika kwenye mawe simama juu ya vikanyagio, magoti yalegee kidogo, viwiko vitanuke. Ukikaa, kila jiwe linakupiga wewe. Ukisimama, jiwe linaipiga pikipiki nayo inacheza chini yako, wewe umetulia. Mimi wiki za mwanzo nilikuwa naung'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika jogoo anayetaka kukimbia. Mikono iliniuma hadi nikashindwa kukanda chapati. Mshamu akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akasema shika kama unavyonishika mimi. Dada, nilielewa papo hapo.

La pili, macho. Usilitazame jiwe unaloliogopa, maana utaliendea. Tazama unapotaka kufika. Kabla ya kupita mahali pabaya zima injini, shuka, papitie kwa miguu, juu na chini, chagua njia yako. Wenye mchezo ule wote wanafanya hivyo, si woga.

La tatu, kwenye mchanga punguza upepo wa tairi kidogo, zikanyage kwa upana. Huku juu barabara za kwenda Mnyambe na Chilangala ni mchanga mtupu, mwekundu, laini kama unga, na ukijaza upepo mwingi tairi ya mbele inajiandikia mambo yake. Ukirudi kwenye lami jaza tena. Kwenye kupanda mlima usiende kwa kishindo. Tumia gia ya pili, klachi uishike nusu, mafuta kidogo, uinamie mbele. Injini inatakiwa inong'one.

Kuhusu matunzo, uliuliza kwa nini ya kwako inakosa nguvu. Fungua chujio la hewa kwanza, hilo mafundi wanaloliita eya klina, kabla hawajakuambia kabureta imekufa. Huku wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho vumbi lake la njano linaingia kila mahali, hata kwenye chai, na pikipiki nyingi zinaletwa dukani kwetu zinakohoa. Mshamu anafungua, anatoa lile sponji limejaa njano na wekundu, analiosha kwa sabuni, analikausha kivulini, analipaka oili kidogo, anarudisha. Mwenye pikipiki anaondoka amepona yeye na chombo chake. Kwenu hakuna salfa lakini vumbi la mnadani linatosha.

Cheni usiikaze kama kamba ya kuanikia nguo. Ibonyeze katikati kwa kidole, lazima icheze kidogo. Spoku zigonge moja moja kwa spana na usikilize: iliyokaza inalia, iliyolegea inaguna. Na hii Mshamu ameniambia nikupe kama zawadi yake kwa shemeji: nati zinazofunga mikono ya breki na klachi kwenye usukani usizikaze hadi mwisho. Ziache kiasi kwamba ukiangusha pikipiki ule mkono ugeuke tu badala ya kuvunjika. Utaugeuza kwa kiganja, utaendelea na safari, na hakuna atakayejua.

Haya, umeshapata ya spana. Sasa weka spana chini.

Kikundi cha waendesha pikipiki cha Mshamu ndicho kinachopeleka chanjo na dawa kwenye zahanati. Yeye njia yake ni huku juu. Kuna njia nyingine inayoshuka bondeni, kwenye vijiji vilivyo chini ya ukingo wa mlima, ambako gari halipiti. Aliyekuwa akiiendesha amehamia Tandahimba, nafasi ikabaki wazi. Niliposikia, dada, nilikosa usingizi. Toka nimeolewa nimekaa nyuma ya kaunta ya duka letu nikiuza oili na plagi, na kazi ile si mbaya, lakini mchana kutwa nasikiliza injini za watu zikiondoka. Nilijiona naondoka asubuhi na sanduku la chanjo lenye barafu mgongoni, Mshamu anaelekea kwake, mimi naelekea kwangu, jioni tunakutana nyumbani wote wekundu kwa vumbi, tunacheka. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ukimtoa Mshamu mwenyewe.

Kikundi kina kanuni moja. Anayetaka njia ya bondeni lazima aipande Njia ya Maji, mbele ya watu, bila kushusha mguu. Njia hiyo inaanzia kwenye chemchemi chini ya mlima inakuja hadi ukingoni juu. Ndiyo waliyokuwa wakiipanda akina mama wa zamani na maji kichwani, kabla bomba halijafika. Ukishusha mguu mara ya kwanza unarudi chini kuanza upya. Ukishusha mara ya pili, subiri mwakani.

Mshamu alifurahi. Mama mkwe alishangaa kisha akafurahi. Tatizo lilikuwa baba mkwe, Mzee Chilumba. Ni mtu mpole, mrefu, hatoki bila kanzu na mwavuli, na toka nimefika hajawahi kuniita kwa jina, ananiita mwanangu. Lakini aliposikia, aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akatuita wote barazani. Hakugomba. Aliniuliza Kondoa ni mwendo gani kutoka hapa. Nikamweleza, basi hadi Dar, kisha Dodoma, kisha bado. Akasema, "Nimemchukua mtoto wa watu kutoka mbali hivyo. Akivunjika mguu kwenye lile jabali, nitawaambia nini waliomzaa? Kwamba nilikuwa naangalia?"

Ningekuwa nimekasirika ningejibu, lakini nitamkasirikiaje mtu anayewaogopea Baba na Mama kwa niaba yangu?

Mama mkwe ndiye aliyemsogeza. Alimkumbusha kuwa yeye aliipanda njia ile akiwa na mimba ya Somoe na mtungi kichwani, na hakuna aliyeitisha kikao barazani. Mzee akakohoa. Mwisho akasema nitajaribu, ila kwa sharti. Nikishindwa mbele ya watu, mambo ya pikipiki yameisha katika nyumba yake, nitabaki dukani. Na yeye mwenyewe hatakuja kutazama. Nikakubali.

Basi tukaanza. Jioni baada ya kufunga duka Mshamu ananifundisha kusimama na pikipiki bila kwenda mbele wala nyuma, miguu juu, imetulia kama mtungi. Alinifundisha hivyo nyuma ya nyumba, kati ya mikorosho, maua yake yananukia, naye anazunguka huku mikono ameinyoosha endapo nitaanguka. Nilianguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama mkwe naye alinipitisha Njia ya Maji kwa miguu, ameshika fimbo, ananionyesha. Hapa walikuwa wanapumzika. Hapa mitungi ilikuwa inavunjika. Hapa kwenye kona usifuate njia ya ndani, inavutia lakini inateleza, pita nje kwenye mizizi. Nikayakariri yote kama aya za Kurani.

Ilikuwa juzi, Jumamosi. Ukungu ulichelewa kuondoka, na ulipoondoka nikaona watu wamejipanga kando ya njia kuanzia chini hadi juu kama wanasubiri arusi. Wazee wa msikitini, akina mama na khanga zao, waendesha pikipiki wote wa mji. Mwamuzi alikuwa mwenyekiti wa kikundi, Fundi Ally wa Masasi, ana kitambaa chekundu cha kuinua mtu akishusha mguu. Mshamu kwa kuwa ni mume alikatazwa kusogea wala kusema. Alisimama kule juu mwisho wa njia, amekunja mikono, nikawa namwona mdogo kama kiberiti. Wifi Somoe alikuja hadi chini kunipa moyo. Aliniambia, "Wifi, ukianguka angukia kulia. Kushoto kuna upupu."

Walitangulia vijana wawili. Mmoja alikwama kwenye mchanga mara zote mbili. Wa pili alifika kwenye ngazi ya mawe, akaenda kwa kishindo, pikipiki ikasimama wima kama mbuzi anayekula majani ya juu, akaruka, na mara ya pili vivyo hivyo. Nafasi ikawa bado ipo. Nikasema bismillahi nikawasha.

Mchanga niliupita. Gia ya pili, macho juu. Ngazi ya mawe niliipita, dada, injini inanong'ona, tairi ya mbele inapanda jiwe, magoti yanaipokea ya nyuma, nikasikia akina mama wanapiga vigelegele. Nikaingia kwenye kona, nikachukua njia ya nje kwenye mizizi kama nilivyoonyeshwa. Na pale, kwenye mkono wangu wa kulia, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa, amesimama baba mkwe. Kanzu, kofia, mwavuli. Alisema hatakuja, amekuja.

Unajua Mama alivyotulea. Unajua ukikutana na mkubwa ukiwa na mzigo unautua. Na huku ndiyo zaidi, dada, huku mke wa mtu akimpita baba mkwe wake bila salamu habari inafika Tandahimba kabla ya basi. Mimi sikufikiri. Mwili ulifikiri peke yake. Breki ikashika, mguu ukashuka, magoti yakainama, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo, baba."

Kisha kitambaa chekundu kikapanda.

Kicheko kilianzia chini kikapanda mlima wote. Somoe alikuwa amekaa chini, khanga usoni, machozi yanamtoka. Watu wakaanza kubishana. Mama mmoja akasema salamu si kosa. Mzee mmoja akasema aliyefunzwa adabu asiadhibiwe. Fundi Ally akawasikiliza wote kisha akasema mguu ni mguu, kanuni haina shikamoo. Lakini hayo yote nilikuwa siyasikii vizuri, kwa sababu baba mkwe hakuniitikia. Alinitazama tu, mdomo ameufunga. Dada, toka nizaliwe sijawahi kutoa shikamoo ikabaki hewani. Nilihisi nimevuliwa kilemba mbele ya watu.

Nikaisukuma pikipiki kurudi chini. Nililia kidogo ndani ya helmeti, pazuri pa kulilia, hakuna anayeona. Nilijiambia amekasirika. Amekuja kuona kama kweli nitafanya jambo hili, ameniona nimelifanya vibaya, sasa hata salamu yangu haitaki. Na nafasi yangu imebaki moja. Nikishusha tena, nimeaga pikipiki. Nikitazama juu nilimwona Mshamu ameweka mikono yote miwili kichwani. Alikuwa ameacha kuikunja. Alikatazwa kusema lakini nilijua anasema nini moyoni mwake, maana kila jioni alikuwa akisema hivyo: nitazame mimi, usitazame mahali pengine.

Nikawasha. Mchanga, nikapita. Ngazi ya mawe, nikapita, safari hii hakuna vigelegele. Nikakaribia kona huku nimeamua kwamba nitapita, nitampita baba yangu mkwe bila neno, na jioni nitamwangukia miguuni kuomba radhi. Nikaingia kwenye mizizi.

Alikuwa amenipa mgongo.

Si yeye tu. Wazee wote waliokuwa kwenye kona, kofia na kanzu zimejipanga, wote wamegeukia upande wa mikorosho kana kwamba kuna kitu cha ajabu huko. Na baada yao akina mama wakubwa, nao wamegeuka, migongo ya khanga mfululizo hadi juu. Hapakuwa na uso hata mmoja wa mtu mzima wa kumsalimia. Nilidhani wamenitenga. Moyo uliniuma hadi tairi ya nyuma ikateleza kidogo, nikalegeza magoti, ikakaa. Sikuwa na mwingine wa kumtazama ila Mshamu kule juu. Nikamtazama yeye. Njia ikaisha chini yangu, na nilipofika kwake alikuwa analia waziwazi mbele ya waendesha pikipiki wenzake wote, wala hakujali.

Kitambaa chekundu hakikupanda.

Watu walipokuwa bado wanapiga kelele, baba mkwe akaja anapanda taratibu, anachomeka mwavuli chini kama fimbo. Umati ukampisha. Nikashuka kwenye pikipiki, nikainamisha kichwa, nikijiandaa kwa lolote. Akasimama mbele yangu akavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea, bado anahema. "Ile ya kule kwenye kona. Ningekuitikia pale, ungeuliza habari za asubuhi, mimi ningeuliza habari za Kondoa, na hivi sasa tungekuwa bado tunaulizana. Nikawaambia wenzangu tugeuke. Mtu asalimie mgongo?"

Mama mkwe alisema baadaye kwamba kule chini nilipokuwa nalia ndani ya helmeti, mzee alikuwa anapita kwa mmoja mmoja, mwavuli mkononi, anawaomba watu wazima wageuke. Mwenye kubisha alimgeuza mwenyewe kwa mabega. Mtu ambaye alikuwa ameahidi hatakuja.

Kwa hiyo, dada, nafasi ni yangu. Au karibu iwe yangu, na hapo ndipo ombi langu lilipo. Jioni ile baba mkwe alituita tena barazani. Akasema yeye ameona kwa macho yake na ameridhika, lakini yeye ni nusu tu. Nusu nyingine iko Kondoa. Hatanikabidhi kwa jabali, ndivyo alivyosema, mpaka nimeonekana kwetu nikiwa na viungo vyangu vyote, na Baba amesema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anakubali. Simu hataki. Anasema simu haina uso. Fundi Ally ameniwekea nafasi hadi mwanzo wa mwezi ujao, baada ya hapo itabidi ampe mwingine, kwa sababu akina mama wa bondeni hawawezi kusubiri chanjo za watoto kwa ajili yangu.

Sasa wewe unamjua Baba. Akishtukizwa anakataa kwanza halafu ndipo anauliza lilikuwa jambo gani. Usimweleze habari yote, hiyo ni ya baba mkwe kuieleza, na nadhani ameifanyia mazoezi. Mwandae tu. Mtajie mara mbili tatu wakati wa chakula jinsi kazi yako inavyokwenda vizuri kwa pikipiki, na usichechemee mbele yake. Mama mweleze yote, Mama tangu lini alikataa kitu kilichomfurahisha mtu.

Msalimie Baba kwa heshima zote, mwambie nasali kwa ajili ya kifua chake. Mama mbusu mikono yote miwili. Bibi mzaa mama mwambie mjukuu wake aliyekuwa anaogopa punda sasa haogopi kitu. Shemeji Baba Rehema msalimie sana, Mshamu anatafuta ndugu wa kuzungumza naye mambo ya injini. Rehema mpe busu kwenye mapengo. Huku wanakusalimu mama mkwe, na wifi Somoe, ambaye anasema anatamani kuwaona watu waliozaa mtu wa kusalimia katikati ya mlima. Mume wangu anakusalimu pia. Yuko hapa ubavuni, anasoma kila ninachoandika, na amefuta neno moja alilosema limezidi mno kumsifu. Nimeliandika tena mahali pengine.

Tunakuja watatu, dada. Mimi, Mshamu wangu, na Mzee Chilumba, ambaye hajawahi kusafiri mbele ya Dar na tayari ameshanunua koti zito kwa sababu nimemwambia Kondoa kuna baridi, na ameshauliza mara kadhaa Baba anapenda kuzungumza juu ya nini. Nimemwambia mbuzi. Sasa anajifunza mbuzi. Tandikeni mkeka mkubwa, chemsheni maziwa, na msimruhusu Baba aende mnadani siku hiyo, maana kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, mtatuona mlangoni tukipiga hodi.

Mdogo wako aliyejaa furaha,
Zuhura, mke wa Mshamu